Mafundi bomba wa Linux: kwa nini watu wa barua pepe hupanda ndege kwenda kubishana

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji kinachosimamia vifaa na programu, huandikwa kwa barua pepe. Mtu akiwa na marekebisho, huyaandaa kama kiraka, hukituma kwenye orodha ya barua pepe ya sehemu inayohusika, na wenzake hukichambua mstari kwa mstari mbele ya kila mtu. Akikosolewa hukirekebisha na kukituma tena, mara ya pili, mara ya tano, wakati mwingine mara ya ishirini. Kikikubalika, mtunzaji wa sehemu hiyo hukiweka kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya msimbo, kisha husubiri dirisha la kupokea. Dirisha hilo hufunguliwa kwa wiki mbili katika kila mzunguko wa wiki tisa au kumi hivi, na hapo ndipo humwomba Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, avute kazi hiyo kwenye tawi kuu. Mabishano ya miaka ishirini iliyopita yamehifadhiwa, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma leo.

Kwa mfumo wa namna hii mkutano wa ana kwa ana unaonekana kuwa anasa. Hata hivyo, tangu mwaka 2008, mamia ya watu hawa hukusanyika karibu kila mwaka kwa siku tatu kwenye Linux Plumbers Conference. Walianzia Portland, Oregon. Baadaye wamekwenda Düsseldorf, Santa Fe, Vancouver, Lisbon, Dublin, Richmond na Vienna, na Desemba 2025 walikuwa Tokyo. Na si watu wa kupenda mikutano. Ukimwuliza mtunzaji yeyote wa kerneli angependa kufanya nini wiki nzima, hakuna atakayekuambia kukaa ukumbini.

Wanachokifuata huko kinatokana na mahali fulani kwenye programu ambapo hakuna mwenyewe.

Mahali pasipo na mwenyewe

Jina la mkutano linamaanisha mafundi bomba, na linawafaa. Mtumiaji huona bomba likitoa maji. Kilichopita ukutani hakimhusu mpaka siku kinapovuja. Katika mfumo wa uendeshaji, ukuta huo ndio eneo lililo kati ya kerneli na programu tunazoziona kwenye skrini. Humo mna maktaba ya C, ambayo karibu kila programu huitumia kuzungumza na kerneli. Mna systemd inayowasha na kuzima huduma, udev inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa, PipeWire ya sauti, Wayland ya picha, vikusanyaji vinavyogeuza msimbo kuwa programu, zana za kupima kasi, na zana za kuendesha kontena, yaani programu zilizotengwa kila moja kwenye boksi lake. Kila kimoja kina waandishi wake, orodha yake ya barua pepe na ratiba yake ya matoleo.

Chukua jambo dogo kama kuchomeka visikizi vya USB. Kerneli inakitambua kifaa na kukipatia kiendeshi, yaani programu inayojua kukitumia. udev inapata taarifa, inakipa jina na kupanga nani aruhusiwe kukigusa. PipeWire inaamua kama sauti ihamie huko, na mazingira ya eneo-kazi yanabadilisha alama kwenye kona ya skrini. Sasa siku moja kompyuta inaamka kutoka usingizini na visikizi viko kimya. Kosa la nani? Mwandishi wa kiendeshi anaonyesha kwamba kifaa kimetambuliwa vizuri. Wa udev anaonyesha kwamba taarifa ilipokelewa na kupelekwa mbele. Wa PipeWire anasema aliarifiwa kifaa kipo kabla hakijawa tayari. Mwenye kompyuta anapigwa danadana kutoka mradi hadi mradi, na ajabu ni kwamba hakuna anayemdanganya. Kila sehemu inafanya kile waandishi wake walichokusudia. Kilichovunjika ni dhana iliyokuwa katikati, kwamba “kipo” na “kiko tayari” ni kitu kimoja, na hakuna aliyewahi kuiandika popote.

Kabla ya 2008 watu wa kerneli walikuwa na mkutano wao. Kernel Summit ulianza mwaka 2001 huko San Jose, California, na ulikuwa wa walioalikwa. Watu wa mazingira ya eneo-kazi walikuwa na mikutano yao pia, vivyo hivyo watu wa vikusanyaji. Kilichokosekana ni mahali ambapo tabaka moja lingekutana na lile linalolikalia juu.

Si mifumo yote inaumwa na tatizo hili kwa kiwango hicho. Katika familia ya BSD, mifumo mingine huria ya uendeshaji, ambayo ina mikutano yake kama BSDCan unaofanyika Ottawa tangu 2004, kerneli, maktaba ya C na zana za msingi hukaa katika ghala moja la msimbo na kutolewa pamoja. Mtu wa OpenBSD akibadilisha jinsi kerneli inavyoongea na maktaba, hubadilisha pande zote mbili kwa mkupuo na kuwaambia watumiaji wasakinishe upya. Linux haina anasa hiyo. Kerneli hutoka huku, maktaba hutoka kule, na wasambazaji kama Debian au Fedora huviunganisha wanavyoona inafaa, mara nyingi kerneli mpya na programu za zamani, au kinyume chake.

Ahadi inayofanya makosa yawe ya kudumu

Torvalds ana sheria moja ambayo ameitetea kwa ukali kuliko nyingine zote: kerneli haivunji programu za watumiaji. Kama programu ilifanya kazi kwenye kerneli ya jana na imekufa kwenye kerneli ya leo, kosa ni la kerneli, hata kama programu hiyo ilikuwa inategemea kitu ambacho haikupaswa kukigusa. Ndani ya kerneli unaweza kubomoa na kujenga upya utakavyo. Ila ukishatoa kitu kupitia mpaka ule, mtu akaanza kukitegemea, maji yamemwagika.

Kisa cha mwaka 2011 kinaonyesha sheria hii inavyouma. Tangu miaka ya 1990, Linux ilipoanza kutumia vichakataji zaidi ya kimoja, kerneli ilikuwa na kufuli moja kubwa lililozuia vichakataji viwili visiingie sehemu nyeti kwa wakati mmoja. Kuling'oa kulichukua miaka mingi, na kazi ilikamilika kwenye toleo la 2.6.39. Sasa, kila rekodi ya tukio iliyotolewa na zana za ufuatiliaji za kerneli ilikuwa na sehemu iliyoonyesha hali ya kufuli hilo. Kufuli limekufa, sehemu haina maana, wakaiondoa. Mara powertop, programu ya kupima nini kinakula umeme kwenye kompyuta, ikaanza kutoa takwimu za ovyo. Badala ya kusoma maelezo ya mpangilio ambayo kerneli yenyewe huyatoa, powertop ilikuwa imekariri kila kipengele kiko wapi kwenye rekodi.

Ungedhani jibu lingekuwa “rekebisheni powertop.” Powertop ilirekebishwa kweli, lakini kerneli nayo ililazimika kurudisha nafasi ile. Kwa muda, kila tukio lililorekodiwa kwenye mashine zilizotumia matoleo hayo lilibeba pengo tupu lisilo na kazi yoyote isipokuwa kuwalinda waliokuwa na powertop ya zamani. Tangu hapo watunzaji kadhaa huona kijasho wakiombwa kuongeza pointi za ufuatiliaji, yaani mahali pa kurekodi matukio, kwenye sehemu zao, kwa sababu hawajui nani atazikariri kesho.

Kutokana na hapo mantiki ya mkutano inaonekana. Kama kosa la ndani hurekebishika wiki ijayo lakini kosa la mpakani hukaa miaka, basi watu wa pande mbili wanapaswa kuongea kabla kiolesura, yaani mahali pande hizo zinapokutania, hakijaingia kwenye kerneli. Na wa upande wa juu ndiye anayejua atakitumiaje. Mwezi Oktoba 2011 Kay Sievers, Lennart Poettering na Harald Hoyer walituma kwenye orodha ya kerneli barua waliyoiita orodha ya matamanio ya fundi bomba, mambo ambayo wao wa tabaka la katikati walikuwa wakiyahitaji na hawayapati. Mojawapo lilikuwa njia ya kuzuia kundi la michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, lisizaliane bila kikomo na kuizimisha mashine nzima. Kidhibiti cha idadi ya michakato kwa kila kundi kiliingia kwenye toleo la 4.3, mwishoni mwa 2015. Miaka minne. Kwa jambo la mpakani, hiyo si kasi mbaya.

Mfano mzito zaidi ni ule wa mwaka 2038. Mifumo ya biti 32 ilihesabu muda kama sekunde tangu Januari 1, 1970, katika namba ambayo haiwezi kupita 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Januari 19, 2038, saa 9 na dakika 14 alfajiri kwa saa za dunia, na inayofuata itasomeka kama Desemba 1901. Kupanua namba iwe ya biti 64 ni rahisi kusema. Lakini kila programu iliyokwisha kusanywa inategemea namba ya biti 32, na ahadi inasema usiivunje. Kwa hiyo kerneli ilibidi iongeze miito mipya ya mfumo, yaani njia ambazo programu huiomba kerneli kazi, pembeni ya ile ya zamani, kazi iliyoingia kwenye toleo la 5.1 mwaka 2019 na kwa sehemu kubwa kukamilika kwenye 5.6 mwaka uliofuata. Bado haikumsaidia mtu yeyote mpaka maktaba za C zijifunze kuitumia: musl ilihama mwaka 2020, na glibc ikatoa njia ya kuchagua muda wa biti 64 kwenye toleo la 2.34 mwaka 2021. Kisha wasambazaji nao wakalazimika kukusanya upya maelfu ya vifurushi. Debian ilifanya zamu yake kubwa mwaka 2024. OpenBSD ilishamaliza habari hii kwenye toleo la 5.5 mwaka 2014, kwa kubadilisha kila kitu pamoja na kuwaambia watu wahame. Nani yuko sahihi? Inategemea una mashine ngapi uwanjani ambazo haziwezi kusakinishwa upya, na Linux inazo nyingi kuliko yeyote anavyoweza kuzihesabu.

Chumba kinavyoendeshwa

Mikutano ya kitaaluma ya mifumo ya uendeshaji ni ya zamani. SOSP ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Gatlinburg, Tennessee, na mpaka leo mtu huenda pale na karatasi iliyopitiwa na wasomi, anaeleza alichogundua, anaulizwa maswali machache na kupigiwa makofi. Kazi imekwisha ndiyo maana inawasilishwa.

Plumbers umegeuza jambo hilo. Mihadhara ya kawaida ipo, lakini moyo wa mkutano ni vikao vinavyoitwa mikutano midogo, kila kimoja cha takriban nusu siku na mada moja: kontena, uhifadhi wa umeme, Android, usanifu wa RISC-V, kuwaka kwa mfumo, zana za ufuatiliaji, na kadhalika. Anayetaka kuendesha kikao huandika pendekezo linalosema ni matatizo gani hayajatatuliwa na ni akina nani lazima wawepo chumbani ili yatatulike. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Kama mtunzaji ambaye neno lake litaamua hatahudhuria, kikao kinakuwa cha malalamiko. Wanaorudi kwa mwaka mwingine hutakiwa pia kuonyesha kilichotokana na kikao kilichopita: kiraka gani kiliingia, makubaliano gani yalitekelezwa.

Ndani ya chumba, mwenye mada huonyesha slaidi chache, na wakati mwingine hazimalizi kuonyeshwa, kwa sababu slaidi ya pili imezua ubishi na ubishi ndio uliomleta. Maikrofoni huzunguka. Mtu mmoja huandika kumbukumbu kwenye waraka wa pamoja. Mgeni anayetazama video kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amekosa mwanzo, maana watu huanzia katikati ya hoja iliyokuwa ikiendelea kwa barua pepe tangu miezi iliyopita. Sioni kama hilo ni kasoro. Kikao kinachoeleweka kwa kila mtu mara nyingi ni kikao ambacho hakikuhitaji kufanyika.

Kernel Summit wenyewe ulibadilika kwa kufuata mkondo huu. Mwaka 2017 uligawanywa: watunzaji wapatao 30 wakabaki na kikao kidogo cha kualikwa cha kuzungumzia jinsi kazi inavyoendeshwa, na mijadala ya kiufundi ikafunguliwa kwa wote. Sehemu hiyo ya wazi sasa huendeshwa ndani ya Plumbers.

Kamba ndefu ya printk

Ukitaka kuona kitu kizima kikisafiri kutoka kwenye barua pepe kuingia chumbani na kurudi tena, fuata printk.

printk ndiyo njia ya kerneli kutoa ujumbe. Kila sehemu ya kerneli huiita, wakati wowote, hata katikati ya kukatizwa na kifaa, hata mfumo ukiwa unakata roho. Na hapo ndipo penye utata. Ujumbe lazima utoke, kwa sababu maneno ya mwisho ya kerneli inayokufa ndiyo ushahidi pekee wa kilichoiua. Lakini konsoli, yaani mahali ujumbe unapotokea, inaweza kuwa laini ya mfululizo ya polepole sana. Kwa muundo wa zamani, sehemu iliyoandika ujumbe mfupi ingeweza kujikuta imeshikilia konsoli huku wengine wakimimina ujumbe wao, na ikalazimika kuutoa wote, herufi kwa herufi, kabla ya kuendelea na kazi yake. Kwenye kompyuta ya mezani hutaona tofauti. Kwenye mashine inayoendesha mkono wa roboti, kuchelewa namna hiyo hakuvumiliki.

Waliokuwa wakiumia zaidi ni watu wa PREEMPT_RT, mradi uliokuwa umekaa nje ya tawi kuu tangu katikati ya miaka ya 2000 ukiigeuza Linux iweze kuahidi itajibu tukio ndani ya muda uliopangwa. Walishaingiza sehemu nyingi za kazi yao, kipande kwa kipande. printk ilikuwa miongoni mwa vikwazo vya mwisho. Mwanzoni mwa 2019 John Ogness alituma pendekezo la kuiandika upya: hifadhi mpya ya ujumbe isiyotumia kufuli, na nyuzi za pembeni, yaani kazi zinazokwenda sambamba na nyingine, za kupeleka ujumbe kwenye konsoli. Mjadala ulikuwa mrefu. Wanaojali kuchelewa walitaka ujumbe usubiri. Wanaotafuta chanzo cha ajali walitaka utoke hapohapo. Pande zote zilikuwa na hoja, na kwa barua pepe kila jibu lilifungua tawi jingine.

Septemba mwaka huo walikutana Lisbon, wakati wa Plumbers: Ogness, watunzaji wa printk, watu wa PREEMPT_RT, na Torvalds mwenyewe. Walikubaliana kwamba hifadhi mpya isonge mbele, kwamba kila konsoli iwe na uzi wake kwa ujumbe wa kawaida, na kwamba mfumo ukiwa katika dharura kuwe na njia ya kuandika moja kwa moja bila kusubiri uzi wowote. Muda mfupi baadaye Ogness akaandika muhtasari wa yote hayo na kuutuma kwenye orodha ya barua pepe. Hatua hiyo ya mwisho ni rahisi kuipita bila kuiona, lakini bila hiyo makubaliano yasingekuwa na nguvu yoyote.

Je, mambo yakaenda sawa? Hifadhi mpya iliingia kwenye toleo la 5.10, Desemba 2020. Nyuzi za konsoli ziliingia wakati wa maandalizi ya 5.19 mwaka 2022, zikaleta matatizo, zikaondolewa kabla toleo halijatoka. Wakarudi mezani. Muundo uliosahihishwa ulikamilika vya kutosha mwaka 2024, na Septemba mwaka huo, katika wiki ambayo watu wa Linux walikuwa wamejaa Vienna kwa mikutano, ombi la kuvuta PREEMPT_RT lilikabidhiwa kwa Torvalds likiwa limechapishwa kwenye karatasi na kufungwa kama zawadi. Likaingia kwenye toleo la 6.12. Yaani kuanzia maelewano ya chumbani hadi msimbo kukaa mahali pake ilipita miaka mitano. Mkutano haukuifupisha safari hiyo kwa kuandika msimbo; uliifupisha kwa kuwafanya watu waache kubishana waelekee wapi.

Kisichowezekana chumbani

Makubaliano ya mkutano hayana hadhi ya kisheria katika kerneli. Mtu akisema “tulikubaliana Dublin,” jibu la kawaida ni “leta kiraka kwenye orodha.” Na ni haki. Chumbani hakuna kila mtu. Kuna aliyenyimwa viza, kuna ambaye hana mwajiri wa kumlipia tiketi na hoteli, kuna aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Wengi wa wanaoonekana pale hulipwa na kampuni kubwa kama Intel, Google, Red Hat au Meta, na matatizo yao ni ya mashine kubwa na wateja wakubwa. Orodha ya barua pepe, pamoja na ugumu wake wote, humpa mtu wa mbali nafasi ya kusema “mmesahau kifaa changu” kabla ya mlango kufungwa.

Mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya Uviko, mkutano ulifanyika mtandaoni kwa kutumia BigBlueButton, programu huria ya mikutano ya video ambayo waandaaji waliiendesha kwenye seva zao. Ulifanya kazi kuliko wengi walivyotarajia, na waliozoea kukosa wakahudhuria. Ila saa za dunia hazibembelezi: kipindi kinachomfaa mtu wa California humkuta wa Tokyo usiku wa manane. Na mazungumzo ya kwenye korido, ambako nadhani nusu ya kazi hufanyika, yalikuwa vigumu kuyaigiza. Tangu Dublin 2022 ukumbi na mtandao huenda pamoja, japo anayeuliza swali kutoka mbali bado hungoja sauti yake ikumbukwe.

Kuna jambo jingine ambalo barua pepe hulifanya vibaya, nalo ni kubeba hasira kwa kipimo chake. Mwaka 2018 Torvalds alichanganya tarehe na kupanga safari ya familia kwenda Scotland wiki ileile ya kikao cha watunzaji kilichopangwa Vancouver. Wenzake walihamishia kikao Edinburgh ili awepo. Katika barua yake ya Septemba 16 mwaka huo, iliyoambatana na toleo la majaribio la 4.19, alisimulia kwamba alikuwa amefurahia wazo la kukikosa, kisha akakiri kwamba hilo lilimfanya ajitazame, akaomba radhi kwa jinsi alivyokuwa akiwashambulia watu kwenye barua pepe, na akapumzika kwa wiki kadhaa. Greg Kroah-Hartman, mtunzaji mwenzake, ndiye aliyekamilisha toleo hilo. Watu wanaoijua kerneli kwa ukali wa barua zake huwa wanashangazwa na video za vikao: watu walewale, wakipingana vilevile, lakini kwa utani na kwa kumwacha mwenzake amalize sentensi.

Hilo halimaanishi kila mgogoro huyeyuka watu wakitazamana. Rust, lugha ya pili iliyoruhusiwa ndani ya kerneli kwa majaribio kuanzia toleo la 6.1 la Desemba 2022, ilizungumzwa Plumbers mwaka baada ya mwaka na bado ikazua mivutano mikali. Sababu mojawapo ni ileile ya visikizi vya USB. Ili msimbo wa Rust uite msimbo wa C, ni lazima itamkwe wazi nani anamiliki kipande cha kumbukumbu, nani anaweza kukiachia, na kufuli gani lazima lishikwe kwanza. Kanuni hizo zilikuwepo siku zote, lakini nyingi zilikuwa vichwani mwa watunzaji, na wakati mwingine watunzaji wawili walikuwa na kanuni tofauti bila kujua. Kuulizwa “sheria ni ipi hasa?” na mtu mgeni kwenye sehemu uliyoitunza miaka kumi na tano si jambo linalopokelewa kwa tabasamu. Desemba 2025, katika kikao cha watunzaji kilichofanyika Tokyo, waliamua kwamba Rust si jaribio tena.

Anayetaka kufuatilia mkutano huu bila kusafiri ana njia. Vikao hurekodiwa na kuwekwa YouTube, na slaidi huambatanishwa kwenye ratiba. Ila usianze na video. Anza na pendekezo la kikao, usome tatizo wanalodai lipo, kisha utafute kwenye hifadhi ya orodha za barua pepe za kerneli mjadala uliotangulia. Ndipo video itaeleweka. Ukimaliza, rudi kwenye hifadhi hiyohiyo baada ya wiki chache na utafute muhtasari wa aliyeongoza kikao, kama ule wa Ogness baada ya Lisbon. Ukiupata, viraka havitakuwa mbali. Usipoupata, kuna uwezekano mkubwa mada ileile itakuwa kwenye ratiba ya mwaka ujao.